Bafu la masta la mita 1.5 kwa 2.4: tupange kitu gani kikae wapi kabla jamvi halijamwagwa

Mwenye Uzi

Wakuu, habari za jioni. Ninajenga nyumba ya vyumba vitatu huku Kigamboni, nimefika kwenye linta, na kabla sijapaua nataka nimalize hesabu ya bafu la chumba chetu cha kulala, maana kila fundi anayepita pale ana ramani yake kichwani. Nafasi niliyonayo ni mita 1.5 kwa mita 2.4, tofali kwa tofali. Urefu wake unakwenda kusini na kaskazini. Ukuta wa kaskazini ni wa nje na una dirisha la sentimita 60 kwa 60. Ukuta wa magharibi nao ni wa nje, unatazama fensi ya jirani iliyo umbali wa mita 1.2. Wa mashariki unapakana na chumba cha watoto. Wa kusini ndio wa kuingilia kutoka chumbani kwetu, na kwa sasa una kozi tatu tu, kwa hiyo mlango bado unaweza kusogezwa. Jamvi la humo ndani, yaani zege la sakafu, halijamwagwa; kuna mawe na kifusi kilichoshindiliwa, basi.

Fundi wa mwanzo aliacha tundu la bomba la inchi 4 kwenye msingi, katikati ya ukuta wa kaskazini, kwa kuwa shimo la maji taka litakuwa nyuma ya nyumba upande huo. Mpango wake ni choo cha kukaa chini ya dirisha kikitazama mlango, sinki la kunawia mikono nyuma ya mlango, na shawa katikati, yaani mtu aoge palepale ambapo mwenzake anapita kwenda chooni. Mke wangu alipoonyeshwa aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo mimi nikiamka usiku, wewe ukiwa umeshaoga, nitakanyaga maji yako kila siku?" Fundi alijibu kwamba watu wote wanafanya hivyo.

Mimi kwa upande wangu nilitamani hodhi ya kuogea, na mke wangu anataka kabati. Naomba mawazo yenu, hasa mafundi na wale ambao wameshakosea wakajifunza.

Mchora Ramani

Ndugu Mwenye Uzi, nianze na kukupunguzia nafasi, kwa sababu hiyo uliyoitaja huna. Tofali kwa tofali ni mita 1.5, lakini kila ukuta utapigwa lipu ya sentimita moja na nusu hivi, kisha gundi na marumaru vitakula sentimita nyingine moja na nusu hadi mbili. Kila upande unapoteza takriban sentimita 3.5, na pande ziko mbili, kwa hiyo bafu lako lililokamilika lina sentimita 143 kwa 233. Vipimo vyote nitakavyotaja kuanzia hapa ni vya ukuta uliokwisha kuvaa marumaru. Nimeona nyumba nyingi ambamo sinki lilitosha kwenye karatasi na halikutosha siku ya kulifunga, na sababu ilikuwa hizo sentimita saba peke yake.

Hodhi isahau. Za kawaida zina urefu wa sentimita 150 hadi 170, nawe upana wako ni 143. Ukiilaza kwa urefu wa chumba itaziba nusu ya upana wote, na hutabaki na mahali pa choo.

Sasa tuangalie kila kitu kinadai nafasi kiasi gani. Choo cha kukaa chenye tangi lake hutoka ukutani sentimita 65 hadi 70, na mbele yake magoti yanahitaji 60 au zaidi. Kutoka katikati ya choo hadi ukuta au kifaa cha jirani, upande huu na ule, kusipungue sentimita 38, na 40 ni bora. Sinki dogo lina upana wa 45 na hutoka ukutani 40. Mahali pa kuogea, chini ya 80 kwa 80 mtu anaoga akiwa amebana viwiko.

Kwa vipimo hivyo, pendekezo langu ni kuweka kila kitu kwenye ukuta mmoja, ule wa magharibi, na kuuacha upande wa mashariki uwe njia kuanzia mlangoni hadi mwisho. Ukiingia unakuta sinki, kisha choo, kisha sentimita 90 za mwisho chini ya dirisha ziwe za kuogea kwa upana wote wa 143. Kutoka ukuta wa mlango, sinki linaishia sentimita 55, choo kinakaa kati ya 60 na 140 kikiwa na kitovu chake kwenye 100, na eneo la kuoga linaanzia 143. Mlango wa sentimita 70 usogezwe ukae kona ya mashariki, ili anayeingia afuate njia moja kwa moja. Shemeji hatakanyaga maji, kwa sababu maji yatakuwa mwisho wa chumba na hakuna anayepita huko ila anayekwenda kuoga.

Mpangaji wa Kudumu

Kwani sinki ni la lazima? Liwekeni koridoni, choo kipate hewa.

Mchora Ramani

Linaweza kukaa koridoni, lakini mtu akitoka chooni usiku atapita chumbani kwake, afungue mlango, ndipo anawe, na maana ya kuwa na masta inaishia hapo. Sentimita 55 za ukuta si bei kubwa.

Fundi Bomba

Salaam wakubwa. Nimesoma na nakubaliana na Mchora Ramani kuhusu mpangilio, lakini niseme lile ambalo hukujua kuliuliza, kwamba choo hupangwa kwa kufuata tundu la kutolea uchafu, na tundu hilo hutegemea choo ulichonunua. Kuna vyoo vinavyotoa kwa chini, kupitia sakafu, na kuna vinavyotoa kwa nyuma, kupitia ukuta. Vile vya chini navyo havifanani, kwani kimoja kinataka kitovu cha bomba kiwe sentimita 30 kutoka ukutani, kingine 25, kingine 18. Ukimwaga jamvi ukiwa umebahatisha, halafu ukanunua choo kwa kupenda rangi, utaishia ama kukiacha choo kikiwa mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, ama kuvunja zege jipya. Nimevunja mazege mapya ya kutosha, na mwenye nyumba hasimami karibu kuangalia.

Kwa hiyo nenda Kariakoo kwanza, nunua choo, kilete kikae stoo hata mwaka. Kwa nyumba yako ningechagua kinachotoa kwa nyuma. Ukuta wako wa magharibi ni wa nje, kwa hiyo bomba la inchi 4 litatoboa ukuta, litokeze nje, lishuke kwenye chemba, kile kishimo cha kuzibulia, pale uchochoroni, na hutakuwa na bomba la kinyesi hata nusu mita chini ya sakafu ya chumba. Siku likiziba, anayezibua anafanya kazi nje. Mita 1.2 kati ya nyumba na fensi zinatosha chemba ya sentimita 60 kwa 60 na mtu wa kuinama.

Kutoka chemba hiyo hadi shimo la nyuma lipe bomba mteremko wa sentimita 1 kwa kila sentimita 40, au 60 kama huna kina. Watu hudhani mteremko mkali ndio mzuri, kumbe maji hukimbia yakaviacha vitu vizito nyuma. Tena usiwe na elbo mbili za nyuzi 90 zikifuatana. Nimeshaitwa kwenye nyumba ambayo bomba lilizunguka nguzo kama nyoka kwa sababu tu mtu aliona tundu la msingi lililoachwa na fundi ni amri.

Tundu lako la kaskazini halitapotea. Litumie kwa maji ya kuoga na ya sinki, ukipitisha bomba la inchi 2. Ningeyapeleka kwenye shimo lake dogo, yasiingie kwenye shimo la choo, kwa kuwa huko kwenu wengi tunategemea gari la kunyonya maji taka, na maji ya kuoga ndiyo hujaza shimo haraka kuliko kitu kingine.

Jambo la mwisho kwa leo. Choo cha kutoa nyuma mara nyingi kitovu cha tundu lake kiko sentimita 18 kutoka sakafuni, lakini kipime cha kwako. Sakafu inayohesabiwa ni ile iliyokwisha kuvaa marumaru. Jamvi ghafi likisakafiwa na kuwekwa marumaru hupanda kama sentimita 5, kwa hiyo tundu la ukutani lipimwe 23 kutoka kwenye jamvi ghafi. Fundi akitoboa kwenye 18 mapema, siku ya kufunga choo tundu litakuwa chini ya shingo ya choo kwa vidole vitatu, na hakuna mpira wa kiungo utakaoziba tofauti hiyo.

Mtu wa Pwani

Assalaam alaykum. Kuna jambo moja ambalo wachangiaji wamelipita, na kwa wengi wetu huku ni la kwanza kabla ya vipimo. Kutoka Dar es Salaam, Makka iko kaskazini karibu moja kwa moja, maana miji hii miwili imekaribiana mno kwa longitudo, mmoja nyuzi 39.3 mashariki na mwingine 39.8. Unguja na Mombasa ni hivyo hivyo kwa tofauti ndogo. Mpango wa fundi wa mwanzo, wa choo kukaa ukuta wa kaskazini kikitazama kusini, unamfanya mtu aipe kibla mgongo kila akikaa. Najua wanazuoni wametofautiana kuhusu aliye ndani ya jengo lenye kuta, ila ukiwa bado hujamwaga zege, kuna haja gani ya kuingia kwenye tofauti? Choo kikihamia ukuta wa magharibi, anayekaa anatazama mashariki, na jambo limekwisha bila gharama. Hata kama wewe si Muislamu, mgeni wako atakushukuru, na siku ukiuza nyumba mnunuzi wa pwani ataliangalia hilo kabla ya rangi.

La pili ni shatafu, ule mpira wa maji wa kujisafishia chooni. Koki yake ikae mkono wa kulia wa anayekaa, kimo cha sentimita 50 hadi 60, na isiwekwe nyuma ya tangi ambako mtu anajipinda kuitafuta. Kwenye mpangilio wako, anayekaa akitazama mashariki mkono wake wa kulia uko kusini, yaani upande wa sinki. Basi bomba la sinki na la shatafu vinaweza kutoka kwenye mstari mmoja.

La tatu ni maji yenyewe. Wote mnazungumza kama maji yatatoka kila siku. Acheni mahali pa ndoo. Wazee wetu wa Lamu walijenga birika la maji ndani ya choo, wakatia na visamaki ndani yake wale viluwiluwi vya mbu, kwa sababu walijua kwamba chombo cha kuhifadhia maji ni sehemu ya bafu. Sisi tunachora bafu lenye shawa peke yake, kisha baada ya mwezi kuna pipa la bluu limesimama mbele ya choo.

Mwenye Uzi

Wa alaykum salaam. Umenichekesha na pipa la bluu, maana hapa tulipopanga lipo, na kila usiku nalipiga goti. Fundi Bomba, nashukuru sana, kuhusu choo cha kutoa nyuma sikuwa najua kabisa. Nitakwenda Kariakoo Jumamosi.

Mama Wawili

Kaka Mwenye Uzi, hongera kwa ujenzi. Mimi si fundi, ila nimesafisha bafu dogo kwa miaka kumi na moja na nimemuuguza baba yangu ndani yake, kwa hiyo mnivumilie.

Kwanza mlango. Baba alianguka akiwa anaoga, akalala nyuma ya mlango, na mlango ulikuwa unafunguka kwa ndani. Tulikuwa watu watatu wazima nje, tunamsikia, na kila tukisukuma tunambana yeye. Ilibidi kijana wa jirani apite dirishani. Kwenye chumba chenye upana wa sentimita 143, mtu akianguka hana pengine pa kuangukia isipokuwa njiani, na njia yenu inaishia mlangoni. Fanyeni mlango ufunguke kwa nje, uelekee chumbani, na komeo liwe lile ambalo linaweza kufunguliwa kwa sarafu upande wa pili. Mafundi watakwambia maji yatachuruzika chumbani kutoka kwenye mlango. Weka kizulia cha kupangusia miguu na maisha yanaendelea.

Pili, naomba msijenge kizingiti cha kutenga sehemu ya kuogea. Kila mtu anakijenga na kila mtu anakijutia. Ukidekia upande wa choo, maji machafu yanakwama upande huu wa kizingiti na unabaki kuyakausha kwa tambara. Mama mkwe akija kukaa nanyi, ndicho kitakachomwangusha. Sakafu yote iteremke taratibu kuelekea tundu moja lililoko chini ya shawa, nanyi mtakuwa mnamwaga ndoo mlangoni na kusukuma kwa ufagio hadi mwisho.

Tatu, kwenye eneo la kuogea wekeni koki ya chini, kimo cha sentimita 60 hivi, mbali na shawa. Hapo ndipo ndoo ya lita 20 itakaa, na ndipo utakapochanganya maji ya moto yaliyotoka jikoni siku umeme ukikatika. Ndoo hiyo ina upana wa sentimita 30 na kidogo, kwa hiyo kwenye kona ya mashariki chini ya dirisha haimsumbui mtu.

Kuhusu kabati la shemeji, namwelewa, lakini kabati la mbao ndani ya bafu dogo litavimba. Mwambie achukue kishubaka ndani ya ukuta na kioo chenye rafu nyuma yake juu ya sinki.

Mchora Ramani

Dada, hoja ya mlango naipokea na ninaufuta mlango wangu wa kufungukia ndani. Kizingiti pia nakubali. Tuseme basi kwamba eneo la kavu literemke sentimita 1 kwa kila mita, na eneo la kuoga sentimita 2 kwa mita, jumla haifiki hata sentimita 4 kutoka mlangoni hadi tunduni. Na sakafu ya bafu pale mlangoni iwe chini ya ile ya chumba kwa sentimita 2, ili siku tundu likiziba maji yasifike kitandani. Kwa mteremko huo chukua marumaru za sakafuni zenye ukubwa wa 30 kwa 30, zisizong'aa. Zile kubwa za 60 kwa 60 ni ngumu kama meza, haziwezi kuinama kufuata tundu, na fundi atalazimika kuzikata vipande vya ajabu ajabu.

Kishubaka kinafaa ukuta wa mashariki, ndani ya eneo la kuoga. Kama tofali ni la inchi 6, unaweza kuchimba sentimita 9 na ukabakiwa na sita upande wa watoto. Mpake dawa ya kuzuia maji ukuta huo hadi kimo cha mita 2, na ndani ya kishubaka pia, kwa sababu hapo ndipo rangi ya chumba cha watoto itaanza kubanduka kama ukizembea. Bomba lolote lisipite ukuta huo. Yote yawe magharibi, watoto wasisikie maji usiku.

Dirisha liongezee kozi moja chini. Sasa hivi kizingiti chake kiko wapi?

Mwenye Uzi

Mita 1.5 kutoka chini, na linta iko mita 2.1.

Mchora Ramani

Basi anayeoga anaonekana mabega. Kozi moja itakupeleka mita 1.75 na utabaki na uwazi wa sentimita 35 kwa 60, unaotosha hewa ukitumia luva za kioo chenye ukungu, fremu ya alumini na wavu wa mbu kwa nje. Mbao usiweke hapo, shawa iko jirani.

Fundi Umeme

Naona mmemaliza maji bila kuniita, kama kawaida. Ndugu yangu, kama utaweka shawa ya umeme ya kupasha maji papo hapo, amua sasa, kabla ya lipu. Shawa ya wati 5,500 kwa umeme wetu wa volti 230 inavuta ampea 24. Hiyo inataka waya wake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha breka, usiopungua milimita 4 za mraba, nami huweka 6 pale waya unapokuwa mrefu, pamoja na breka yake na waya wa ethi uliounganishwa kwelikweli na fimbo iliyozikwa ardhini. Kuna mchezo wa kuunganisha shawa kwenye waya wa soketi wa milimita 2.5 kwa sababu uko karibu. Waya huo unapata joto ndani ya ukuta kila mtu akioga. Weka pia kile kifaa kinachokata umeme ukivuja kwa miliampea 30, maana maji na mwili uliolowa havina subira na umeme.

Swichi ya shawa ikae nje ya bafu, chumbani, karibu na mlango, iwe na taa nyekundu. Taa ya kioo ikae juu ya sinki, na soketi yoyote isiingie humo ndani. Bafu lenyewe halifiki mita mbili na nusu, kwa hiyo hakuna kona iliyo mbali na maji.

Jambo ambalo watu hulisahau ni nguvu ya maji. Kila mita moja ya kimo cha maji inatoa baa 0.1 tu. Simtanki lako likiwa juu ya stendi ya mita 3 na kichwa cha shawa kiko mita 2, una mita moja na kidogo ya kazi, na bomba lenye kona nyingi linakula nusu ya hiyo. Shawa nyingi za umeme haziwaki zisipopata msukumo ulioandikwa kwenye boksi lake. Soma boksi kabla hujajenga stendi.

Mwenye Uzi

Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili, na nina habari.

Choo nimenunua, cha kutoa nyuma. Kimepimwa na mimi mwenyewe kwa futi kamba: kinatoka sentimita 66, kitovu cha tundu kiko 18 kutoka chini. Stendi ya simtanki nimeipandisha hadi mita 4.

Jana jioni tulifanya jaribio. Uani hapa tulipopanga nilichukua majivu ya jiko, nikachora chini mstatili wa sentimita 143 kwa 233, nikaweka alama ya mlango, dirisha na eneo la kuoga. Choo kilikuwa stuli, imeongezewa boksi nyuma hadi ikafika 66. Sinki lilikuwa beseni juu ya kigoda kilichowekwa juu ya kiti, na kuta zilikuwa mbao za kuezekea zilizoshikwa na wanangu wawili, ambao walicheka muda wote. Mke wangu akaambiwa aishi humo kama asubuhi ya kawaida.

Alikaa kwenye choo, magoti yakawa huru, akanyoosha mkono wa kulia akaipata shatafu ya kufikirika. Aliingia kwenye eneo la kuoga akageuka na ndoo, hakugusa kitu. Alipofika kwenye sinki akainama kunawa uso, kiwiko cha kushoto kikagonga mbao aliyoishika mwanangu mkubwa, ile ya ukuta wa mlango, mbao ikaanguka. Akarudia taratibu, kikagonga tena. Mchora Ramani, sinki lako kitovu chake kiko sentimita 32 tu kutoka ukutani. Kwa mtu anayenawa vidole linatosha, ila kwa anayenawa uso halitoshi.

Tulijaribu sinki la kona, lakini likakaa jirani mno na fremu ya mlango. Tukajaribu kulisogeza kuelekea choo, stuli ikabanwa. Ndipo mke wangu akasema tupunguze kwenye shawa, "maana huko mna uwanja." Tukafuta mstari wa majivu, tukauchora upya sentimita 5 nyuma. Eneo la kuoga likabaki na 85 kwa 143, choo kikahamia kitovu cha 106, na sinki kitovu cha 37. Akanawa uso mara tatu na mbao ikabaki imesimama.

Mchora Ramani

Shemeji ananizidi kazi. Niliweka sinki kwa kuhesabu upana wake, nikasahau upana wa mtu. Sentimita 85 za kuogea zikiwa na upana wa 143 hazina tatizo lolote, na tundu la sakafuni libaki palepale. Kwa kutenga maji, pazia linatosha. Kioo kisichosogea cha sentimita 60 upande wa choo ni kizuri zaidi kama bajeti inaruhusu, ila kisizidi hapo, ndoo ipite.

Mama Wawili

Pazia, kaka. Kioo utakipangusa madoa ya sabuni hadi uzeeni. Na kabla ya lipu, kwenye ukuta wa magharibi kati ya choo na eneo la kuoga, pigeni zege badala ya tofali bovu kwenye kimo cha sentimita 80 hivi, siku mkihitaji kishikio cha mzee msumari uwe na pa kushika.

Fundi Bomba

Mwenye Uzi, vipimo vyako vipya ni hivi, vibandike ukutani kwa chaki ya mafuta, fundi asitegemee simu. Kitovu cha choo ni sentimita 106 kutoka ukuta wa mlango uliokamilika, kwa hiyo kutoka kwenye tofali tupu ni 109.5. Kimo cha tundu ni 23 kutoka jamvi ghafi, lakini ile hatua ya sakafu kushuka sentimita 2 mlangoni ifanyike kwenye jamvi lenyewe, isifanyike kwenye unene wa kusakafia, la sivyo hesabu ya 23 inaharibika. Na kwa kuwa sakafu ya kavu inateremka, pima kimo pale choo kinapokaa, usipime mlangoni, maana hadi kufika hapo imeshashuka sentimita moja.

Mabomba yakishalazwa na kabla hayajafukiwa, jaza maji, ziba mwisho, acha usiku kucha uone kama yanapungua. Kisha piga picha kila bomba likiwa na futi kamba imelazwa kando yake. Utazihitaji picha hizo siku fundi mwingine atakapotaka kutoboa ukuta huo kutundika taulo.

Mwenye Uzi

Nimekuelewa, fundi. Maji tumejaza leo saa kumi na moja jioni, nimeweka alama ya kalamu kwenye bomba. Na taulo litatundikwa ukuta wa mashariki, ambako hakuna bomba.